Kanda za fasihi simulizi zinaozea makabatini, na mashine za kuzisikilizia zinakwisha

MNAMO mwaka wa 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa amefanya makao Afrika Kusini, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis akiwa na mitambo yake ya kunasa sauti. Miongoni mwa nyimbo alizozirekodi siku zile ni ule wa wasichana uitwao Chemirocha. Jina hilo linasikika kama la Kikipsigis halisi, kwa kuwa lina kile kiambishi cha mwanzo tunachokizoea katika majina ya wanawake na ya mahali: Chebet, Cherono, Chepilat. Kumbe ni la Mmarekani! Jimmie Rodgers, mwimbaji wa nyimbo za mashambani kwao aliyefariki mwaka wa 1933, alikuwa amefika hapa kwa santuri na gramafoni, na ndimi za vijana wa Kikipsigis zikamvisha kiambishi na kumfanya mwenyeji.

Wimbo huo ungeweza kupotea kama nyingi nyingine zilizoimbwa jioni ile na ile iliyofuata. Haukupotea kwa sababu uliingia katika maktaba. Mwaka wa 1954 Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika (ILAM) kule Roodepoort, karibu na Johannesburg. Baada ya kifo chake mwaka wa 1977, maktaba hiyo ikahamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Grahamstown, ambao siku hizi huitwa Makhanda. Huko kanda zilipangwa, zikatiwa nambari, zikaandikiwa kadi za maelezo, na hatimaye zikaingizwa katika mfumo wa dijitali. Katika miaka ya 2014 na 2015 wataalamu wa maktaba hiyo, wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi inayoongozwa na Tabu Osusa, walizirejesha nyimbo hizo nyumbani, kwa Waluo na kwa Wakipsigis. Wazee walisikia sauti walizozikumbuka tangu ujana wao, zaidi ya miaka 60 baadaye.

Kisa hiki kinapendeza, na wengi wamekisimulia kama kisa cha muziki. Mimi leo nakileta katika safu hii ya lugha kwa sababu nyingine. Sauti ya Kapkatet ya mwaka wa 1950 iko salama katika chuo kikuu kilicho maelfu ya kilomita kusini. Je, sauti zilizorekodiwa na vyuo vikuu vyetu wenyewe, miaka 20 au 30 baada ya Tracey, ziko wapi?

Zilikuwapo, na zilikuwa nyingi. Mwaka wa 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao maarufu katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika, ikiwamo ile ya mdomo, iwekwe katikati ya masomo. Mwaka wa 1974 walimu walikutana katika Shule ya Nairobi kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika shuleni. Kuanzia hapo, fasihi simulizi ikawa kazi ya nyanjani. Wanafunzi wa shahada walitumwa makwao na kaseti tupu na betri, wakarudi na ngano, vitendawili, nyimbo za jando, maombolezo na mizaha ya mabibi na wajukuu. Tasnifu zikaandikwa, vitabu vikatoka. Ciarunji Chesaina, kwa mfano, alituchapia kitabu cha fasihi simulizi ya Wakalenjin mwaka wa 1991. Tasnifu zilipelekwa maktabani zikapangwa rafuni. Kaseti nyingi hazikupelekwa kokote. Zilibaki katika droo za wahadhiri, na wahadhiri wakastaafu.

Huenda msomaji akauliza: maandishi si yapo? Ngano imenukuliwa, imetafsiriwa, imepigwa chapa. Kanda ni ya nini tena?

Hebu tuanzie kwetu Chepilat. Soko hili limekaa juu ya mpaka, kando ya barabara ya kutoka Sotik kwenda Kisii. Upande mmoja ni Bomet na Wakipsigis, upande wa pili ni Nyamira na Wagusii, na majani chai yako pande zote mbili. Tazama mabango ya maduka. Moja litaandika Chepilat na jirani yake ataandika Chebilat. Hakuna aliyekosea. Katika Kikipsigis, kama ilivyo katika lahaja nyingine za Kikalenjin, konsonanti ghuna na sighuna hazitofautishi maana. P iliyoko kati ya irabu hulainika ikasikika kama b, na mwandishi huchagua herufi anayoipenda. Ndiyo maana pia utakuta Kipsigis na Kipsikis. Mgusii naye, ambaye lugha yake haina l, atalitamka jina hilo kwa r na kulimalizia kwa irabu. Matamshi matatu ya jina moja ndani ya soko moja! Maandishi huchagua moja, na mengine yanazimika.

Hilo ni jina tu. Kikalenjin ni lugha ya toni: kidatu kikipanda au kikishuka, umbo la kisarufi au maana hubadilika. Tena irabu zake zimegawika makundi mawili kulingana na mkao wa mzizi wa ulimi. Othografia ya kawaida haionyeshi toni, wala haionyeshi tofauti hiyo ya irabu. Ekegusii nayo ina irabu saba lakini huandikwa kwa herufi tano za irabu. Mzawa anaposoma anajijazia mwenyewe kutoka kichwani. Mjukuu aliyelelewa Nairobi kwa Kiswahili na Kiingereza hana cha kujijazia. Ukimpa kitabu cha ngano za nyanya yake bila sauti, umempa mifupa bila nyama.

Na Kiswahili chenyewe? Kiswahili cha soko la mpakani hakiandikwi popote. Mwaka wa 1984, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nilirekodi kaseti 22 za mazungumzo ya wauzaji na wanunuzi Chepilat: maziwa, ndizi, wimbi, kuku, mitumba. Katika mojawapo mama wa Kikipsigis anauza maziwa na mzee wa Kigusii ananunua.

"Mama, punguza kidogo."

"Wee baba, nikipunguza nitabaki na nini?"

"Basi ongeza hata kikombe."

Kwenye karatasi hiki ni Kiswahili cha kawaida kabisa. Kwenye kanda, "baba" ile ina p mbili laini, "kidogo" imeanza na sauti iliyo katikati ya k na g, na baada ya "ongeza" kuna kicheko ambacho ndicho kilichomaliza ubishi wa bei. Unukuzi wa aina yoyote, hata ule wa kitaalamu, hubana. Mtafiti wa kesho anaweza kutaka kujua jambo ambalo mimi sikuliuliza mwaka huo, kwa mfano watu walipokezana vipi zamu za kuzungumza, au walichanganya ndimi katika sehemu gani ya sentensi. Jibu lake liko katika sauti peke yake. Na kwa kuwa mpaka huu ulishuhudia fujo mwaka wa 1992 na tena mwanzoni mwa mwaka wa 2008, ushahidi wa jinsi watu wa pande zote mbili walivyotaniana na kukopeshana una uzito kuliko isimu peke yake.

Kaseti hizo nilizikabidhi idara katika chuo kikuu kimoja ambacho sina haja ya kukitaja. Idara ilipohamishwa jengo, masanduku yakapelekwa stoo yenye paa linalovuja. Nilipokwenda kuzitafuta, kijana aliyenipokea alikuwa mwenye adabu sana. "Prof, kanda ziko," aliniambia, "lakini mashine ndiyo hakuna. Zile za maabara ya lugha zilipigwa mnada." Kaseti 13 kati ya 22 ndizo nilizoweza kuzirudisha katika hali ya kusikika, kwa msaada wa fundi wa redio mjini Kisii aliyekuwa na deki mbili za zamani na subira isiyo ya kawaida.

Maneno ya kijana yule yanabeba tatizo lote. Tukisikia "hifadhi" tunafikiria kuzuia kitu kisioze. Katika vyombo vya sauti na picha, kuoza ni nusu tu ya balaa. Kitabu cha mwaka wa 1950 kinahitaji macho na mwanga. Kanda ya mwaka wa 1950 inahitaji mashine, na mashine inahitaji mkanda wa mpira, mota, kichwa cha kusomea, na fundi anayejua kuvirekebisha. Viwanda vilivyotengeneza mashine hizo vimeacha. Vipuri vinaisha. Mafundi wanazeeka. Mwaka wa 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku duniani kote: ifikapo takriban mwaka wa 2025, walisema, kuzisoma kwa kiwango cha kitaalamu kutakuwa kazi ngumu na ghali mno kwa taasisi nyingi. Mwaka huo umeshafika.

Nusu ya pili ni kemia. Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa chembechembe za sumaku zilizoshikiliwa kwa gundi. Sauti imo katika chembechembe, lakini uhai wa kanda umo katika gundi. Gundi ya aina fulani, iliyotumiwa sana katika kanda kubwa za magurudumu za miaka ya 1970 na 1980, hunyonya unyevu wa hewa na kuvunjika. Ukiizungusha kanda hiyo inalia kama mlango mbovu, inanata kwenye kichwa cha mashine na kuacha matope ya kahawia. Matope hayo ndiyo sauti yenyewe, imeshabanduka. Wataalamu huziokoa kwa kuziweka katika tanuri maalumu lenye joto la kama nyuzi 50 kwa saa kadhaa, kisha huzisoma haraka kabla hazijarudia hali yake. Tafadhali mtu asijaribu hayo kwa oveni ya jikoni. Kanda za zamani zaidi, zile za asetati, zikipashwa moto hivyo zinaharibika, na zenyewe hujitambulisha kwa harufu ya siki.

Kaseti, iliyoletwa sokoni na Philips mwaka wa 1963, ina maradhi yake. Utepe wa kaseti ya dakika 60 una unene wa takriban maikromita 18, ule wa dakika 90 una 12, na ule wa dakika 120 una 9 tu. Watafiti maskini tulipenda kaseti ndefu kwa kuwa zilitupunguzia gharama, na hizo ndizo hukatika na kujiviringisha mashineni. Kile kisponji kidogo kinachousukuma utepe kwenye kichwa cha mashine hubanduka gundi yake ikikauka, na sauti inakuwa hafifu. Wengi huitupa kaseti hapo wakidhani imekufa. Utepe mara nyingi ni mzima. Unauhamishia katika ganda jingine na mzee anaendelea kusimulia.

Sisi wa nchi ya chai tuna rafiki mmoja na adui mmoja. Baridi ya Kericho na Sotik ni rafiki wa kanda, kwa kuwa joto huharakisha kuoza. Unyevu ndio adui. Kanda hupenda hewa kavu, unyevu wa kati ya asilimia 30 na 40, ilhali sisi mvua ya alasiri ndiyo inayotupa majani chai karibu mwaka mzima. Kuvu nyeupe huota kwenye kingo za utepe, na ukiucheza bila kuusafisha unaisambaza kuvu hiyo katika mashine na katika kanda zote zitakazofuata. Kinyume cha wengi wanavyoamini, santuri za zamani zina ukakamavu zaidi. Zile alizorekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka wa 1928 bado zinachezeka pale ambapo hazikuanguka zikavunjika. Diski za kompyuta zilizochomwa maofisini miaka ya 2000, ambazo taasisi nyingi zilidhani zimejiokoa nazo, ndizo zinazokufa kimyakimya sasa.

Basi dawa ni kuhamisha sauti kutoka kwenye kanda hadi kwenye faili ya kompyuta. Hapo ndipo ninapowasikia wakuu wa vyuo wakisema kwa urahisi, "Tutadijitisha." Neno tamu. Tulifanyie hesabu.

Kiwango kinachotumiwa na hifadhi kubwa ni kupima wimbi la sauti mara 96,000 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 24, bila kuibana faili. Saa moja ya sauti ya mkondo mmoja inachukua takriban gigabaiti moja. Ya mikondo miwili, gigabaiti mbili. Tuseme idara ina kaseti 1,000 za saa moja moja. Hizo ni terabaiti moja au mbili, ambazo leo zinaingia katika diski unayoweza kuitia mfukoni. Kwa hivyo nafasi siyo shida tena. Shida ni muda. Kanda ya saa moja inasomwa kwa saa moja, hakuna njia ya mkato. Ongeza kuikagua, kuisafisha, kurekebisha pembe ya kichwa cha mashine ili sauti kali zisififie, kuisikiliza, kuandika maelezo. Fundi mmoja mwenye mashine moja akifanya kanda nne kwa siku amefanya kazi nzuri. Kanda 1,000 ni siku 250 za kazi, yaani mwaka mzima wa mshahara wa mtu aliyefunzwa. Ni nani kati yetu aliyewahi kuona kifungu hicho katika bajeti ya maktaba?

Wapo wanaoweka simu mbele ya spika ya redio na kurekodi, kisha wanatuma kwa WhatsApp. Kwa kumsikilizisha shangazi wimbo wake, hakuna ubaya. Kwa hifadhi, hapana. Programu za kubana faili hutupa sauti ambazo zimekadiria sikio halitazikosa, na miongoni mwa zinazotupwa ni zilezile chembe za matamshi ambazo mwanaisimu anazitafuta. Kinachotupwa hakirudi.

Tena faili ikishapatikana, kazi haijaisha. Karatasi unaweza kuisahau miaka 50 na ukaikuta. Faili ukiisahau miaka 10 huenda usiikute, au ukaikuta haifunguki. Lazima ziwe nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae mji mwingine kabisa. Lazima kila faili ipewe nambari inayokokotolewa na programu kutokana na yaliyomo, na kila baada ya miezi kadhaa nambari hiyo ikokotolewe upya. Ikitofautiana hata kwa tarakimu moja, basi faili imeguswa au imeharibika, na inabadilishwa kwa nakala nzima. Ni kazi inayochosha, isiyo na picha za kupigia magazetini.

Sasa nije kwa jambo ambalo kwangu mimi, mtu wa lugha, ndilo kiini. Hata kanda iliyosafishwa na kunakiliwa vizuri ni bubu ikiwa hakuna anayejua ni sauti ya nani, wapi, lini, na katika lugha gani. Nimeshika kaseti nyingi zilizoandikwa "Upande A: Nyimbo". Nyimbo zipi? Za nani?

Hapa Dar es Salaam ilitutangulia. Mwaka wa 1970 J.W.T. Allen alichapisha orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti zilizokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Naomba msomaji alitazame vizuri neno hilo "pamoja". Allen hakuziona kanda kama viporo vya miswada. Aliziweka ndani ya orodha moja nayo, kwa sababu alijua utendi hutungwa ili uimbwe, na kwamba maandishi ya Kiarabu yaliyobeba Kiswahili huacha mwanya ambao sauti ya msomaji peke yake ndiyo inayouziba. Zaidi ya nusu karne imepita, na sioni vyuo vingi vya kwetu ambavyo mtafiti akitafuta katika katalogi atapata kitabu na kaseti ya mtunzi yuleyule katika ukurasa mmoja.

Majina nayo yana mitego. Katika kumbukumbu za kikoloni, Wakipsigis waliitwa Lumbwa, na Waluo pamoja na Waluhya wakafungwa katika gunia moja la Kavirondo. Mwanafunzi wa leo akiandika "Kipsigis" katika kompyuta ya hifadhi fulani ya Ulaya hapati kitu, ilhali sanduku limejaa chini ya jina Lumbwa. Akiandika Chepilat anaikosa Chebilat. Mkutubi anayejua lugha za mahali huunganisha majina hayo yote ili moja likiitwa, mengine yaitike. Asiyejua huandika lile aliloliona kwenye kasha na kuendelea na lingine. Hata Tracey, aliyekuwa mwangalifu kuliko wengi, aliandika katika maelezo yake kwamba wasichana wa Kapkatet walikuwa wamemgeuza Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu, nusu mnyama. Maelezo hayo yalisafiri na wimbo duniani kote kwa miongo mingi bila Wakipsigis kuulizwa. Ndio uzuri wa kurejesha kanda: zinaporudi, wenye lugha wanapata nafasi ya kusema maneno yana maana gani kwao na waimbaji walikuwa kina nani, na kadi ya maktaba inapata nyongeza.

Nyongeza hiyo ina wakati wake. Mzee wa miaka 85 anaweza kutaja kwa sauti tu kwamba huyu ni fulani, binti wa fulani, na huu ni wimbo wa kusindikizia bibi harusi wala si wa kusagia wimbi. Mjukuu wake hawezi. Kwa hivyo, baina ya kemia, mashine na kumbukumbu za wazee, sijui ni ipi inayokwisha upesi zaidi. Mimi ningekuwa msimamizi wa hifadhi ningeanza na kanda ambazo waimbaji au majirani zao bado wako hai, hata kama utepe wake ni mzima, na kuziacha za baadaye zingojee. Najua wapo wenzangu watakaoshikilia kuanza na zile zinazonata. Hoja yao nayo ina uzito.

Kadhalika si kila kanda ni ya kila sikio. Zipo nyimbo za jandoni ambazo mwanamke wa Kikipsigis hapaswi kuzisikia, na za wasichana ambazo wanaume hawapaswi. Zipo kaseti za mikutano ya wazee ambamo majina ya watu yametajwa kuhusiana na mifugo iliyoibwa na nyumba zilizochomwa, na watoto wa waliotajwa wanapanda matatu moja kila siku. Aliyerekodiwa mwaka wa 1984 alikubali mwanafunzi mmoja amsikilize. Hakukubali intaneti, maana haikuwapo. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 11, inataka jamii zifidiwe kwa matumizi ya utamaduni wao, na tangu mwaka wa 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa ya kijadi na tamaduni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 nayo ina lake la kusema kuhusu sauti ya mtu. Msimamizi wa hifadhi huamua ni kipi kifunguliwe kwa wote, kipi kisikilizwe maktabani pekee, kipi kingoje hadi ukoo uulizwe. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mashine, wala na mtu asiyejua adabu za mahali.

Ndipo tunapofikia suala la mtu. Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, ambacho nacho kina kanda nyingi zilizorekodiwa Afrika, kilianza kwa jambo dogo: kuhesabu. Ripoti ya mwaka wa 2009 ikaonyesha kwamba katika idara zake mlikuwa na kanda, santuri na filamu zaidi ya nusu milioni, nyingine chini ya meza za watu. Mwaka wa 2013 rais wa chuo akatangaza mradi wa kuzinakili kufikia mwaka wa 2020, chuo kitakapotimiza miaka 200. Hatuna fedha za Indiana, na sitaki mtu aniambie tuzisubiri. Kuhesabu hakuhitaji fedha za Indiana. Kunahitaji daftari, barakoa ya kuzuia kuvu na mtu mmoja ambaye barua yake ya ajira inasema kanda ni kazi yake. Katika vyuo vyetu mkutubi hupewa vitabu, majarida na tasnifu, fundi hupewa vipaza sauti vya mahafali, mhadhiri hupewa madarasa. Kanda hazimo katika barua ya mtu yeyote, na kwa hivyo zikipotea hakuna anayeulizwa.

Kwa wasomaji wenye kaseti nyumbani, na najua kuanzia Litein hadi Keroka ziko nyumba zenye sanduku kama hilo chini ya kitanda: zisichezwe katika redio ya zamani ambayo haijasafishwa kichwa. Zisimamishwe wima mahali pakavu, mbali na jiko na mbali na ukuta unaopata mvua. Vunjeni vile vibati viwili vidogo nyuma ya ganda ili mtoto asije akarekodi juu ya sauti ya babu. Na leo hii, kabla hamjatafuta mashine, mwiteni mkubwa aliye hai katika ukoo, mwonyesheni kaseti moja moja, na mwandike kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya ndani yale anayoyakumbuka: jina la msemaji, kijiji, mwaka, na sababu iliyowafanya watu wakusanyike siku hiyo.